Nchi Isiyokuwa na Wajane

Mama mkwe wangu aliamini kwamba uungwana ni kitu cha damu, na kwamba damu ya Magongo, mtaa wa kwetu, ni maji ya mfereji. Sikumlaumu sana. Wao walikuwa watu wa nasaba, wanaoisoma harusini mpaka pilau inapoa, na mimi nilikuwa binti wa kibarua wa bandarini Kipevu, mtu wa Rabai aliyesilimu ukubwani. Siku ya posa aliuliza mbele ya watu babu wa babu yangu akiitwaje. Baba akamjibu kwamba alikuwa akiitwa kwa kupungiwa mkono, maana alikuwa kiziwi.

Tulioana hivyo hivyo. Siku za fungate nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda, nimejikunyata kwa haya na kwa hasira ya maneno ya mamake. Mume wangu akaniambia nisijali, kwani yeye hasa hakutoka katika ukoo ule. Alitoka katika nchi nyingine yenye uungwana wa juu zaidi, ambako watu kama mamake hawangepewa kazi hata ya kufungua mlango. Nikamuuliza nchi hiyo iko wapi. Akasema inaanzia mlangoni na kuishia dirishani.

Basi tukaitungia sheria. Katika nchi yetu mwanamume ndiye aliyepelekwa kwa mke, mto wake kwapani. Mwanamke aliunusa ule mto. Asipoupenda, bwana harusi alirudi kwao na hakuna aliyemcheka. Mume hakuruhusiwa kupanda kitandani kabla hajasimulia jambo moja lililomchekesha siku ile, na kama hakuwa nalo, mke alilazimika kumchekesha kwa njia anayoijua mwenyewe. Mume wangu alikuwa akitoa mizigo ya watu bandarini, kazi ya kusubiri muhuri na kugombana na madereva wa malori, kwa hiyo vichekesho havikumpungukia. Siku nyingine alidai hana, nami nilijua anadanganya.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikitua, vikombe hutetemeka kabatini na hakuna maneno yanayosikika. Tukapitisha kwamba ndege ikipita waungwana wote wanyamaze, na lolote watakalolifanya wakati huo lisihesabiwe. Nasema wazi, maana nimeshakuwa mtu mzima: tulizipenda ndege.

Urithi nao ulikuwa na sheria yake. Nyumba haikufuata damu. Ilimfuata mtu anayeweza kutembea ndani yake stima ikipotea asigonge kitu. Hiyo ilinipendelea mimi, kwani yeye kila mara gizani aligonga goti kwenye kigoda kilekile, akakitukana kigoda.

Mungu hakutujaalia mtoto. Mamake aliyasema aliyoyasema mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Nasi tukaamua kwamba waungwana wa nchi yetu huzaa wanapopenda, na kwamba sisi tulikuwa bado tunafikiri. Siku ile nilicheka, kisha nikalia, naye akaniacha nilie bila kutunga kitu.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, kaka yake mkubwa, anayekaa Likoni, ambaye mkewe alitangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma. Siku moja ya Idi alikuja kula kwetu. Baada ya chakula mume wangu akamsimulia habari za nchi yetu, ile ya mto na ile ya stima, na kaka mtu akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha mume wangu akaacha mzaha. Akasema ameusia kwamba akifa nyumba iwe yangu yote. Kaka yake akamjibu kwa upole kwamba mrithi hausiwi. Fungu lake limeshapangwa na dini, labda iwe warithi wenziwe wameridhia. Akitaka iwe yangu, anipe sasa, yu hai, mbele ya mashahidi. Mume wangu akasema atafanya hivyo Idi ikipita.

Idi ikapita, na nyingine ikapita. Alishanipa nyumba katika nchi yetu, na moyoni aliona kazi imekwisha. Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Asubuhi moja alitoka kwenda kazini, moyo ukasimama kabla hajafika Kipevu. Nampenda, na kwa hilo la nyumba sijamsamehe.

Mke asiye na mtoto hupata robo. Yote iliyobaki ilikuwa ya kaka yake, na ikiuzwa, mimi ningerudi Magongo na robo yangu mkobani. Nilikaa eda ndani ya vyumba vile nikiviangalia kama mtu anayeaga. Kwenye ukuta wa sebule palikuwa na doa la mafuta ya nywele zake, mahali alipoegemea akinywa chai. Watu husema mjane hukosa mtu wa kumsemesha. Nililikosa hilo, lakini nilikosa pia uzito wake, na mguu wake wa baridi ukinitafuta shukani. Akili ilikwenda mazishini. Mwili haukuambiwa chochote, ukaendelea kumngoja.

Eda ilipokaribia kwisha, kaka yake akaja baada ya swala ya alasiri. Shangazi yangu, aliyehamia kwangu tangu msiba, akashusha pazia la mlango wa chumbani, akaketi nami upande wa ndani. Kutoka sebuleni ikaja hodi.

Nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua. Shangazi akanivuta kwa leso, akanikalisha. Ilikuwa sauti ya mume wangu. Alipokuwa hai sikuwahi kuona kwamba wanafanana. Nani husikiliza sauti ya pili wakati ya kwanza ipo? Siku za matanga huyu alikaa nje na wanaume. Sasa hapakuwa na uso, palikuwa na sauti tu.

Akanipa pole, akauliza hali, akaeleza mafungu ya mirathi kama yalivyo. Kisha akasema:

"Shemeji, ile nti yenu ya mzaha. Mtu akifiwa na mumewe, huko hufanywaje?"

Shangazi akanifinya paja. Mwenye eda haposwi, ni haramu, lakini kudokeza kunaruhusiwa, na mtu aliyelelewa vyema hujua kudokeza. Nikaitafuta sheria, sikuiona. Tulikuwa na ya mto, ya ndege, ya stima. Ya mjane hatukuitunga, kwa sababu katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kufa.

"Sikusikia, shemeji," nikasema. "Sema tena."

Nilikuwa nimesikia kila neno. Akarudia polepole, akaongeza kwamba kwengine nyumba ya ndugu haigawanywi, watu huishi ndani yake pamoja. Nikafumba macho. Alikuwa ni mume wangu kabisa, akiuliza jambo kwa upole na kungoja. Kama ningesema ndiyo, ningekuwa namwambia marehemu, na kaka yake, mtu wa watu, angeletwa nyumbani kwa ajili ya sauti yake tu. Nikamwomba aseme mara nyingine. Shangazi akanitazama, akaacha kunifinya.

Aliposema mara ya tatu nikamjibu kwamba huko kwetu mjane hukaa peke yake. Ndiyo sheria pekee niliyoitunga bila mwenzangu.

Kisha akaniambia nisiwe na shaka, nyumba aliridhia iwe yangu yote tangu siku ya maziko, mbele ya wanaume waliotoka makaburini, na hakuja kwa ajili ya nyumba. Akaniomba radhi kama amenikera. Nikamwambia hakunikera, ila nikamwomba asije tena kupiga hodi mlangoni kwangu. Hakuuliza kwa nini. Nikasikia akivaa viatu, akiagana na shangazi, akienda zake.

Hajaja. Hati imeandikwa jina langu, na hakuna anayeweza kunitoa humu. Jioni nyingine huchukua simu nikampigia shemeji, nikaiweka sikioni bila kusema neno. Husema haloo, akangoja, akasema haloo tena. Nambari yangu anaijua. Huendelea hivyo mpaka nikate mimi, yeye hakati.