Uso Kwenye Kikwembe

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua imenyesha toka asubuhi, ile mvua nyembamba ya Guangzhou isiyojua kuaga, na kuta za nyumba zinatoka jasho kama mtu mwenye homa. Nimepiga deki, sakafu ikarudi kulowa palepale.

Mwanangu Amani, nakumbuka siku moja yenye unyevu kama huu, na wewe ndiye uliyenikumbusha, ulipokuja baada ya ibada na ile picha yako ya suti. Ulisema unamaliza masomo mwaka huu, unarudi kwetu ziwani, unagombea ubunge wa jimbo. Ukaniomba kesho niipeleke picha kwa laoban, yule bosi wa duka la vitambaa huko Sanyuanli niliyefanya naye kazi toka ujana wangu, akuchapie vikwembe, vile vitenge vya kampeni. Hilo si neno. Lakini ulipokuwa mlangoni unavaa viatu, uligeuka ukasema:

"Mama mdogo, mwambie uso wangu ukae juu, kifuani. Usishuke chini ya kiuno. Sitaki watu wanikalie."

 Nikakwambia tu urudi jioni tule. Najua ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, ila shule mimi niliiachia njiani, na maneno yangu yakiwa mengi hugongana mdomoni. Ndiyo maana naandika, polepole, huku sombe za jirani, majani ya mihogo, zikininukia na mimi sijaanza kupika. Pengine sina haki ya kumfundisha mtu mwenye digrii. Utapima mwenyewe.

Nilikuwa kijana kama wewe, mgeni hapa mjini. Mkubwa wetu sisi wanawake wa biashara alikuwa Mama Bitondo, mama mnene wa maneno machache. Msichana yeyote wa kwetu aliyeshuka kwenye ndege bila pa kulala alifikia kwake. Siku hiyo tulikuwa dukani kwa laoban, pamoja na Baba Sifa, muuzaji wa pampu za maji kutoka kwetu. Alikuwa amekuja kwenye maonyesho ya Pazhou kutafuta pampu, lakini roho yake yote ilikuwa kwenye uchaguzi. Ndiyo mara yake ya kwanza kugombea bunge la jimbo.

Laoban akaleta sampuli ya kikwembe chake. Ilikuwa ya buluu, na katikati uso wa Baba Sifa umezungukwa na samaki, meno yote nje. Tukapiga vigelegele.

"Onorabo!" mmoja wetu akamwita, kama tunavyowaita wabunge kwetu. "Hata hajachaguliwa, mashavu tayari yameshiba!"

Mama Bitondo akakichukua kile kikwembe, akajifunga kiunoni, akatembea mpaka dirishani. Mwanangu, uso wa Baba Sifa ulikuwa umetua palepale pa kukalia. Kila Mama Bitondo alipopiga hatua, shavu moja la Onorabo lilipanda na la pili likashuka. Hata laoban, asiyejua neno la Kiswahili, alishika mbavu.

Baba Sifa hakucheka.

"Pardon, mama. Mimi mtu mzima, nina watoto. Hiki kitu kitanivunjia heshima. Wapandishe uso juu."

"Ukipanda juu, mtoto wa mgongoni atakukojolea."

"Basi wauweke pembeni, kwenye pindo."

"Pindo ndilo tunalofutia kamasi. Kikwembe hakina chumba cha wageni, mwanangu. Ni nguo ya kazi."

"Sasa nifanye nini?"

"Chapisha kalenda. Utakaa ukutani, watu wakutazame. Mwaka ukiisha watakutupa."

Tukacheka mpaka machozi. Lakini Mama Bitondo alikuwa ameacha mzaha. Alikifungua kikwembe, akakikunja vizuri, akamwekea Baba Sifa mikononi, kisha akasema kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi tusogee:

"Anayeomba kura ameomba kukaliwa. Mjane atakukalia, mlevi atakukalia, na siku nyingine watakukalia bila haki wala huruma. Ukipenda boga, penda na ua lake. Ukiona huwezi, baba, pampu nayo ni kazi ya heshima. Hakuna atakayekucheka."

 Laoban alisimama na penseli yake akingoja aambiwe pa kurekebisha. Baba Sifa aliutazama ule uso wake kwa muda, kisha akasema, "Mwambie aache hivyo hivyo."

Alichaguliwa. Na niseme haki, alikalika. Mlango wake ulikuwa wazi, misibani alikaa mkekani na watu, na nyumba ya wazazi, pale kina mama wanapojifungulia, iliezekwa upya kwa sababu hakuacha kuisemea bungeni. Watu walimtukana pia, kwa mengine yaliyokuwa hata si kazi ya mbunge. Akawa anafuta jasho, anaendelea kusikiliza.

Uchaguzi wa pili alinitumia oda kwa simu. Wakati huo alikuwa amehamia mji mkuu wa jimbo, na nyumba yake ina ukuta na mlinzi. Alitaka kitambaa kizito, chenye nyuzi za dhahabu, na uso juu, kifuani. Mama Bitondo alikuwa amezeeka, anafunga mizigo yake kurudi nyumbani moja kwa moja. Nilimwonyesha sampuli. Aliipapasa kwa vidole, akasema, "Hiki hakifuliki." Basi.

Kilikuwa kizuri, nisikifiche sifa yake. Wanawake walikipokea, wakakiweka sandukuni, wakakivaa harusini. Baba Sifa alishindwa.

Hapa nijizuie. Sisi tusiosoma sana tunapenda kufunga mambo mawili kwa kamba moja. Aliyemshinda alikuwa mtu mwema, mimi mwenyewe namheshimu. Mvua ilikata barabara upande wenye watu wengi wa Baba Sifa. Siwezi kuapa kwamba alishindwa kwa ajili ya kitambaa, wala kwa ajili ya ukuta. Naandika nilichokiona tu.

Mara ya tatu aligombea bila kuchapisha kitu. Alirudi kijijini, akaacha mlango wazi mtu aingie bila hodi, akakaa tena mkekani. Akashindwa tena, kwa kura chache. Kwa hiyo usifikiri nakufundisha dawa ya kushinda. Siijui.

Lakini nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, nilipita ufukweni wanapoanika ndagala. Mama mmoja alikuwa ametandika kile kikwembe cha kwanza, cha buluu, kimepauka, kina viraka, na samaki wamejaa juu yake. Na nani alikuwa ameinama pembeni, anamsaidia kuwageuza? Baba Sifa mwenyewe. Alikuwa amekuja kusikiliza habari za paa la nyumba ya wazazi, ambalo limeanza kuvuja. Ubunge hana, lakini bado wanamwambia yeye.

"Onorabo," nikamwita, "hali gani?"

Akanyoosha mgongo, akauonyesha uso wake chini ya samaki. "Si unaniona? Zamani nilikaliwa na watu. Siku hizi nalaliwa na ndagala!"

Akacheka. Yeye aliyekataa kucheka siku ile dukani.

Mwanangu, sikukatazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka bunge vilevile. Ila kabla uso wako haujaingia kiwandani, jiulize kama unataka kutazamwa au kutumiwa. Anayetaka kutazamwa ana kazi nyingi njema za kufanya, wala si dhambi. Anayegombea asichague ni nani atakayemkalia, wala ni sehemu gani ya kitambaa. Na ukishindwa, usiondoke mkekani. Huenda ndipo watakapojua ulikuja kwa ajili yao. Kama nimekosea, nisamehe, ni mawazo ya mama yako mdogo.

Mungu akupe mgongo mpana kuliko kifua. Akupe sikio lisilochoka. Na siku watakapokulalamikia bila haki, akupe usingizi usiku huohuo.

Haya naongeza usiku. Jioni ulirudi na mvua mabegani. Nikakupa kurasa hizi uzisome nikisonga bugali. Nilikusikia ukicheka mahali pamoja, kisha nikasikia karatasi zikigeuzwa polepole.  Ulipokuja mezani, ukiwa unanawa, ulisema:

"Kesho usiende peke yako kwa laoban, mama mdogo. Twende wote. Nataka sampuli ya kikwembe changu tuijaribu kwanza kiunoni kwako."

Tulikula bugali, matembele ya soko la hapa chini, na ndagala waliobaki katika wale niliokuja nao. Sufuria uliikwangua wewe.