Kibao cha Udongo

Binti wa madam ninayemfanyia kazi hapa Riyadh amerudi na kazi ya shule: atengeneze kibao cha udongo kama vile vya Babeli ya kale. Ameumwaga udongo kwenye meza ya jikoni, akaunyunyizia maji, na harufu yake imenipeleka kwetu kabla sijaweka sufuria chini.

Sisi wetu, nilipokuwa shule ya msingi, tuliuchota mtoni. Mwalimu alitueleza kuwa mfalme wa Babeli alitunga sheria, na makarani wakazichora kwa matete kwenye udongo mbichi. Kila mtoto alipewa sheria moja. Yangu niliichora kwa kijiti, nikakianika kibao kando ya jiko, nikamsomea mama aliyekuwa akisonga ugali: anayemficha mtumwa mtoro nyumbani kwake, auawe.

Mama aliacha kusonga. "Na huyo mtumwa alikuwa anatoroka nini?"

Nilimwambia hilo mwalimu hakutufundisha. Alichotufundisha ni kwamba hapo ndipo ustaarabu ulipoanzia, nami nilikuwa nimelijibu swali la ulianzia wapi darasani nikapigiwa makofi.

Mama alikigeuza kibao, akautazama upande wa nyuma, mtupu, wenye alama za vidole vyangu tu. Kisha akakirudisha kando ya jiko, akaendelea kusonga.

"Udongo umeniishia," binti ananiambia sasa, akijipangusa mikono kwenye nguo niliyoipiga pasi asubuhi. "Yalla, tushuke dukani."

"Mama yako ametoka," namjibu. "Mlango ameufunga kwa nje, na ufunguo ameenda nao."