Jani la Isale Chini ya Godoro la Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule kwetu Mwika, niliamini kwamba nimemuua baba yangu. Hofu hiyo nimeishi nayo mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto, ndiyo maana leo naiandika.

Baba aliugua ini. Hospitali walimpa mama dawa za maumivu, wakamweleza kwa upole kwamba lililobaki ni kumtunza nyumbani. Mama akamtunza. Alimwogesha, akamlisha mtori mwepesi wa ndizi kwa kijiko, na kila baada ya saa chache alimgeuza ubavu asije akatoka vidonda. Hakuwa peke yake. Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu. Akina mama wa usharika kanisani walifua mashuka kwa zamu na kuyaanika juu ya mibuni. Jirani mmoja alitukatia majani ya ng'ombe bila hata kuombwa. Aliyekosekana ni baba mkubwa tu, ambaye bati la nyumba yake tuliliona kupitia migomba. Yeye na baba hawakuwa wakisemeshana tangu alipong'oa masale ya mpakani akayasogeza upande wetu.

Isale kwetu si mmea wa kupamba ua. Linaonyesha mpaka, linapandwa kaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, huna ujanja, utasamehe.

Siku moja nilimsikia shangazi jikoni akimwambia mama, "Wifi, kaka anateseka hivi kwa sababu kuna msamaha haujaombwa."

Nikaelewa kivyangu. Niliona ni Mungu aliyekasirika, na kama jani linamlainisha binadamu, kwa nini lisimlainishe Yeye? Mchana huohuo, wakubwa wakiwa wamesinzia kwa uchovu, nikaenda kuchuma isale kaburini kwa babu, kwa kuwa mpakani tulikatazwa kukanyaga. Nikalisukuma chini ya godoro la baba. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Jioni bibi, mama yake baba, akaona shina limevunjwa.

"Mae!" alimaka. "Nani amechuma hapa?" Alitutazama mmoja mmoja. "Isale la kaburini lina mwenyewe. Ukiliingiza ndani, mwenyewe analifuata, na haondoki mikono mitupu."

Nilitaka kulitoa, lakini kitanda cha baba hakikuachwa bila mtu hata dakika moja. Kesho yake baba akaanza kuweweseka. Alikuwa akitazama mlangoni, pasipo na mtu, akimwita babu. "Baba, nakuja," alisema, waziwazi kabisa. Nilikimbilia zizini nikajificha.

Siku ya tatu, mama na shangazi wakimgeuza, jani likaanguka sakafuni. Mama aliliokota, akaligeuza mkononi, na badala ya kuogopa, uso wake ukalegea.

"Ni shemeji huyu," alisema. "Amelileta kimya kimya kwa aibu. Nendeni mkamwite."

Baba mkubwa akaja, kofia mkononi. Mimi nilijibana nyuma ya mlango, nikijua kwamba akikana tu, nimekwisha.

"Shikamoo, shemeji," mama alisema. "Tumeliona jani lako. Tumelipokea."

Baba mkubwa alilitazama lile jani. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mdogo wangu," alisema, "nilikukosea. Nisamehe."

Baba akampa mkono. Tangu siku hiyo baba mkubwa alikuja asubuhi na jioni kumnyanyua, maana mgongo wa mama ulikuwa umechoka. Wiki mbili baadaye baba akafariki. Watu wote walisema amekwenda kwa amani. Mimi nilisikia maneno ya bibi tu, na kwa miaka mingi sikuweza kulala katika chumba kile.

Mwaka jana, tukichambua maharage, nilimweleza mama yote. Akaacha kuchambua.

"Baba mkubwa wako aliniambia baada ya mazishi kwamba si yeye aliyelileta," alisema. "Nikadhani ni shangazi yako. Mwanangu, ini la baba yako lilikuwa limekwisha kabla hata hujachuma jani lile. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unamwuguza baba."

Mama alilia. Sikuwa nimemwona akilia vile hata siku ya mazishi.

Simlaumu yeyote. Nyumba nzima ilikuwa imemshika mgonjwa, na kumshika kulihitaji mikono yote iliyokuwepo. Siwezi pia kusema kwamba hofu imeniisha kwa sababu ya maneno ya mama, imepungua tu. Ila siku hizi nikienda kumwona mgonjwa, nikishamsalimu na kumpa pole mwenzi wake, huwa nauliza watoto wako wapi, nakwenda kukaa nao.