Mwenye Nati

Siku ya kwanza kumtia machoni, alikuwa amekaa ndani ya gari nililotumwa kulifungua vipande. Mguu wa kushoto ulikuwa na plasta mpaka gotini, na gongo lake kalilaza kwenye kiti cha abiria.

"Mama, shuka," nilimwambia.

"Nishuke niende wapi? Gari langu hili."

Na kweli lilikuwa lake. Mumewe alimwacha na watoto watatu, akajifunza usukani ukubwani, akawa dereva wa teksi. Gari hilo ndilo lililowalisha na kuwasomesha wote. Siku chache kabla ya hapo alianguka, akavunjika mguu, akalazwa. Huku nyuma mwanawe wa kwanza akaliuza kwetu, kwenye vyuma chakavu. Mtu mzima na ndevu zake, anauza gari la mama aliye wodini!

Katika magari ya aina ile lilibaki hilo moja tu. Mengine yote tuliyamaliza sisi wenyewe, pale pale uani. Ndiyo maana wanunuzi walilivamia kama nzi. Mwenye baa alitaka boneti na taa za mbele, avitundike ukutani juu ya chupa zake. Fundi wa mashine za kusaga alitaka injini. Mwingine alitaka milango.

Bosi wetu tulimwita Sumaku, maana hakuna chuma kilichompita. Alitoka ofisini akitabasamu.

"Mama, mimi nimenunua. Kesi yako iko nyumbani, kamalizane na mwanao."

"Na yeye umemnunua? Maana naye alitoka kwangu, tumbo hili hili."

Wanunuzi wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi iwameze.

Mama akanigeukia, akaonyesha alama nyeupe kwenye boneti. "Hizi chaki ni za nini?"

Nikamweleza polepole. Pale kwetu kila mnunuzi hutia alama yake ya chaki kwenye kifaa anachokitaka. Chenye chaki kina mwenyewe. Hakiguswi, hakiharibiwi, hata na bosi. Sumaku akivunja hilo, hakuna atakayempa tena malipo ya awali.

Akashuka, akalizunguka gari akichechemea, akichungulia kila pembe.

"Naona nati hazina mwenyewe."

"Nati?" Sumaku alicheka hadi akashika kiuno. "Chukua zote, mama, bure! Mbele ya mashahidi hawa."

"Mmemsikia?" Akaninyooshea mkono nimpe chaki.

Akazipaka moja moja, za milango, za boneti, za magurudumu. Za chini akaniamuru nilale nizipake mimi. Nikalala kwenye mafuta machafu, nikapaka. Watu waliona ni kichekesho. Nilipotoka nikainua spana kwenye bawaba ya mlango, nione itakuwaje, akanigonga mkono kwa gongo.

"Hiyo ina mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Sumaku akatazama gari, akatazama chaki, akavimba shingo.

"Leteni moto! Tunakata!"

"Unakata nini?" Mwenye baa aliruka. "Rangi ya boneti yangu ikiungua, utanibandika ngozi yako?"

Wa milango naye akapiga kelele kwamba raba zake zitayeyuka. Fundi wa mashine akataka arudishiwe malipo yake papo hapo, na wenzake wakadakia. Sumaku alimpigia simu yule mwana, akamporomoshea matusi yasiyoandikika. "Njoo na hela yangu, uchukue balaa lenu!"

Alikuja jioni, shati limechomekewa, kanuna kama aliyeibiwa ni yeye. Akarudisha pesa. Hakumwamkia mama yake, hakumpa pole ya mguu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, umenidhalilisha mbele za watu."

Mimi si mtu wa ugomvi. Lakini niliitupa spana mbali, maana nilijua mkono ungeenda wapi.

Mama alimpita akichechemea. Aliingia, akashika usukani. Betri tulishaitoa na kuiuza, kwa hiyo gari lilikuwa la kusukumwa hadi gereji ya barabara ya pili. Yule mwana akakunja mikono ya shati, akaja nyuma, akasimama kando yangu. Mama akatoa kichwa dirishani, akaniita mimi. Yeye sikumwona tena baada ya siku ile, ila neno lake la mwisho ninalo.

"Sukuma wewe, baba. Huyu akigusa hata taa ya nyuma, nashuka."