Jani la Isale Juu ya Momela

Ninayoyasimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana, sijalewa wala siumwi. Ukitaka kucheka, cheka. Kaka yangu yu hai, nenda ukamtazame.

Mimi naye tulikuwa wapagazi wa Mdachi mmoja aliyetafuta madini juu ya Momela, katika msitu ambao serikali ya Wadachi iliutenga uwe mali yake. Alipata mwamba mdogo wa kijani, akasema una nikeli. Akavunja vipande, akampa kila mmoja wetu mfuko, tutangulie navyo boma la Arusha.

Njiani ukungu ukatushukia. Miti yote ilidondosha maji. Mbele yetu alisimama mzee amevaa ngozi ya mbuzi, na ngozi ile, niamini, ilikuwa kavu. Alishika jani la isale kwa mikono miwili. Kwetu Wameru, jani hilo ni la kuomba amani, na halikataliwi hata likiletwa na aliyemuua ndugu yako.

"Wanangu, rudisheni mawe mlipoyatoa."

"Babu, haya hayaliwi," kaka akamwambia. "Ukiyapika utalala njaa."

"Sijasema nina njaa."

"Basi jani lako mpelekee Mdachi."

Tukampita. Tulipopinda kona, alikuwa mbele yetu tena. Alitupita wapi? Njia ilikuwa moja, na pembeni ni korongo.

"Wanangu," akasema.

Nikalipokea jani, nikatua mfuko.

"Na kiboko cha Mdachi utakipokea?" kaka akaniuliza.

"Nitakipokea."

"Mjinga wewe." Akaenda zake.

Nilipogeuka, mzee hakuwapo. Nikayarudisha mawe yangu mwambani, kisha nikashuka bomani. Nilichapwa, nikalia kila pigo. Kaka alinitazama kama mtu anayetazama mvua.

Jioni hiyo kaa la moto lilimwangukia mguuni. Harufu niliisikia mimi. Yeye aliendelea kula. Tangu hapo hasikii maumivu, baridi wala huzuni. Tulipomzika mama aliniuliza kama tumemaliza.

Nilikwenda bomani kuyaomba mawe ya kaka niyarudishe. Mkalimani akaniambia yalipelekwa Ulaya, yakapimwa, nikeli ikaonekana kidogo mno, yakatupwa huko huko. Mdachi naye alishahama.

Kwa hiyo wewe unayepita msitu ule, ukinyooshewa isale, lipokee. Usimwangalie aliyelishika, wala usiulize utapata hasara gani. Mimi kila jioni humwosha kaka miguu, nikitafuta alipoungua.