Neno la Bibi Baada ya Filamu

Siku hizi maoni ya watu yananichosha. Nina kibanda cha kuchaji simu hapa Ifakara, na kwa kompyuta yangu kuukuu nawawekea wateja filamu kwenye flashi. Wakirudi kuchukua nyingine nawauliza, ile ya juzi mliionaje? "Ya kawaida." "Inaboa." "Nzuri, ila nililala katikati." Mmoja aliniambia jeneza lilikuwa la maboksi, ameliona kwa macho yake. Basi, yameisha. Nasikia hayo kutwa nzima, huku naota ukumbi wangu mwenyewe wenye viti vya sponji na feni mbili.

Wiki iliyopita akaja mama mmoja muuza ndizi kutoka Sanje, akanirudishia flashi.

"Mdogo wangu, yule baba amenitesa," akasema. "Anapanda lori, anamwambia mkewe nitarudi kabla ya mvua. Na kweli anarudi, anakuta nyumba tupu. Nimelia mpaka mboga imeungua."

Ilikuwa filamu ya nje, ya zamani, ambayo sasa imetiwa sauti ya Kiswahili. Nilipomsikia akitaja lori nikaacha kuhesabu chenji. Lile lori nalijua. Nililiona nikiwa darasa la sita, na yule baba nilimsemea mimi.

Acha nikueleze. Nyumbani kwetu Jumapili, tukitoka misani, baba mdogo alikuwa anakodi CD moja. Runinga ilikuwa ya chogo, lazima uipige ubavuni ndipo itulie. Tunashusha pazia kuzuia jua, bibi anapitisha ungo wa pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, bado wa moto, una harufu ya moshi na majani mabichi. Filamu ikiisha, hakuna ruhusa ya kuzima runinga mpaka kila mtu atoe neno lake. Hiyo ilikuwa amri ya bibi. Baba mdogo neno lake lilikuwa magari. Mama anasema nguo zao nzuri, au wanasema uongo sana wale. Bibi yeye alipima kwa chakula tu. "Kijana mzuri, ila hajala tangu asubuhi." "Hao matajiri wanakaa mezani, wanagombana, wanaondoka. Chakula anakula nani?" Jirani alikuwa anamwuliza bibi kwanza, ndipo anakodi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma yale maandishi ya Kiingereza ya chini. Mwalimu alikuwa amenisifia Kiingereza mbele ya wazazi, basi baba mdogo akaniwekea kigoda karibu na kioo, akaniita msomaji wetu. Ukweli nilijua maji, ng'ombe, na habari za asubuhi. Maandishi yenyewe yanapita kama basi lisilo na abiria wa kushusha. Kwa hiyo niliangalia nyuso, nikatunga. Mtu akilia, nasema amefiwa. Akicheka, amepata kazi mjini. Hakuna aliyebisha. Nilikuwa najisikia mkubwa.

Mwaka huo baba alikuwa kwenye miwa. Alikwenda kukata tangu Juni, na msimu ukaisha. Wenzake wakarudi. Krismasi ikapita, watu wakalima, wakapanda, mpunga ukaanza kubeba, yeye hayupo. Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa, akisikia basi linapiga honi barabarani alikuwa anasimamisha mchi kidogo, halafu anaendelea kutwanga.

Jumapili moja baada ya Pasaka ndiyo ikaja ile ya lori. Yule mwanamume ameshika mkono wa mkewe, anaongea maneno marefu, watoto wamesimama mlangoni.

"Msomaji, anasemaje?" akauliza baba mdogo.

Nikasema, "Anasema, siwataki tena, msinifuate."

Sijui niliyatoa wapi. Ninajua, bwana, nilikuwa nayo moyoni tangu Krismasi.

Mama akainuka akaenda kutazama maharage. Filamu ilipoisha baba mdogo akasema, "Lori zuri," lakini hakucheka mtu. Tukamgeukia bibi. Bibi hakutoa neno. Aliinua ungo, akauangalia, akatoka nao nje.

Kesho yake asubuhi alikuwa amefunga mzigo: pepeta na kambale wa kukaushwa. Magoti yake yalikuwa mabovu, hata sokoni alikuwa haendi, lakini alipanda basi la kwenda kwenye miwa. Alirudi siku ya tatu, kilemba kimejaa vumbi. Akaketi, akavua ndala.

"Umemkuta, mama?" mama akamwuliza.

"Amekula," bibi akasema.

Baada ya wiki mbili baba akaja, na sukari kilo tano na blanketi. Nilimpa shikamoo, akaitikia anaangalia chini. Hakurudi tena kwenye miwa. Alikuwa anakaa karibu na mlango kama mgeni, na mimi nilijua ni kwa sababu yangu. Nimemsingizia mtu wa kwenye filamu, na kwa njia hiyo nimemsingizia baba yangu. Bibi amefariki, huu mwaka wa tatu sasa. Sikumwambia kamwe kuwa nilitunga.

Jumamosi nikafunga kibanda mapema, nikabeba kompyuta nyumbani. Baba mgongo umemwisha kwa ile miwa, hukaa tu kwenye mkeka. Tukaitazama ile filamu yote, sisi wawili. Ilipoisha nikamwambia, "Toa neno, baba."

Akajisogeza ukutani, akaegemea.

"Bibi yako alinikuta kambini kwa wakata miwa," akasema. "Akaniwekea pepeta. Akaniambia, hata kama hututaki, kula kwanza. Nikawa najiuliza, nani amemwambia."

"Ni mimi, baba. Kile Kiingereza nilikuwa sikijui. Nilitunga."

Kwenye kioo majina yalikuwa yanapanda. Aliyatazama mpaka yakaisha.

"Ulisoma sawa," akasema. "Mwaka ule nilikuwa sirudi tena."

Nikawa naangalia chumba. Ile runinga ya chogo iliuzwa chuma chakavu. Baba mdogo yuko Chita, analima. Ungo upo, umetoboka. Wateja wangu kila mmoja anatazama peke yake, na nyaya masikioni, anacheka peke yake, akimaliza anafuta. Hata mimi ndivyo ninavyofanya. Ningempata bibi hata kwa dakika tano ningemwambia, yule baba wa lori alisema atarudi. Na mwanao hakusema atarudi, ila wewe ulimfuata.

Baba alikuwa bado ameangalia kioo cheusi. Nikaenda jikoni nikampakulia wali.

Akala.