Mkeka Uliorudishwa

Mama mkwe wangu alikuwa anasuka mikeka tangu sijaolewa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake. Matete aliyakata kwenye kinamasi cha maji chumvi nyuma ya kiwanda cha betri, kwa juu tu, maana chini ni magumu na yanachana vidole. Wajukuu wote walilalia mikeka yake, wanangu na wa wifi yangu.

Siku moja akaja mtafiti wa matope. Alituita uwanjani, akaeleza taratibu kwamba kiwanda kilimwaga madini ya risasi topeni kwa miaka, sumu inayoharibu akili za watoto. Matete yameinasa kwenye mizizi. Majani ameyapima, hayana neno, basi tusiyang'oe matete, sumu isije ikasambaa. Watu wa mtaa wetu, bwana! Waliposikia sumu, masikio yakaziba hapohapo. Kufika jioni habari ilikuwa moja tu: mikeka ya bibi ina sumu.

Wifi yangu ndiye aliyenichoma roho. Aliurudisha mkeka wa mwanawe kwenye mfuko wa plastiki, ameushika kwa ncha za vidole.

"Mama, usinielewe vibaya. Mtoto bado mdogo."

"Kwani wewe umekulia juu ya nini?"

"Zamani tulikuwa hatujui."

"Hata sasa hamjui," nikadakia. Akanitazama kwa jicho la wewe umeolewa tu hapa.

Wiki hiyohiyo wanaume walibeba majembe, wakang'oa matete yote huku wakipongezana. Maji yakijaa na kupwa yakalichota lile tope, yakalisambaza hadi kwenye mfereji tunakookota kome. Mtafiti alirudi, akapima, akashika kichwa. Kome wakapigwa marufuku.

Mwenyekiti wa mtaa, hana hata haya, akaja kumwomba mama mkwe asaidie kuyapanda upya. Nilimsubiri amtukane. Nililisubiri tusi lile kwa hamu, jamani. Yeye akakunja gauni, akaingia topeni.

Kesho yake wifi alipita na mwanawe. Mtoto alipomwona bibi yake amechafuka hadi viwikoni, akamkimbilia kwa furaha. Wifi akamdaka shati.

"Usimguse bibi, mikono yake ina sumu!"

Nilinyanyuka nimshushue, nikaiona ile mikono iliyojaa tope. Safari hii ilikuwa kweli.

Mama mkwe aliificha mikono nyuma ya mgongo.

"Mpeleke nyumbani, mwanangu," alisema. "Mwogeshe."